Waya wa Rangi ya Machungwa

Akinyi, nyathina, mwanangu,

Mimi ni mzima. Najua barua zote huanza hivyo, hata za watu walio mahututi, lakini mimi nimeanza hivyo kwa makusudi na nitarudia kabla sijamaliza. Magoti yananiuma kidogo nikipanda ngazi za posta, na lile jino la nyuma unalijua. Basi. Likumbuke neno hili, kwa sababu kuna watu watakuja kukuambia mengine.

Nakuandikia nikiwa kwenye meza ya kazi. Ni Jumapili mchana, duka limefungwa, stima zimepotea tangu mvua ya asubuhi na upepo wa ziwani unanuka gugu maji linalooza. Wewe umeenda kuwaaga wenzako wa kwaya. Kesho jioni utapanda treni, na najua pale stesheni nitakuwa nikikukazia macho na kukuambia ufunge vizuri zipu ya begi, kwa sababu mbele za watu mdomo wangu haujui kusema kitu kingine. Ndiyo maana nimeamua kuandika.

Sitakuandikia habari za sabuni, wala chakula, wala marafiki wabaya. Umepika katika nyumba hii tangu ulipokuwa unapanda kigoda ndipo uione sufuria. Kama kuna jambo la nyumbani hujalijua mpaka leo, barua haitakufundisha. Nitakuandikia habari za makosa yangu, maana hiyo ndiyo mali pekee ambayo jamaa za marehemu baba yako hawajaniambia niigawe.

Jumapili iliyopita ulikuwa jikoni ukijifanya unachagua mchele huku masikio yako yakiwa sebuleni, kwa hiyo mengi uliyasikia. Ulimsikia baba yako mdogo Ochieng' akisema kwamba msichana hawezi kwenda Nairobi kusomea kutengeneza mashine pamoja na wanaume, na kwamba kuna mtu wa Port Victoria, mwenye lori la samaki, anayetaka kuleta ng'ombe. Ulinisikia nikisema utaenda. Wakasema mtoto ni wa ukoo. Nikasema ukoo haukuonekana usiku alipokuwa anatetemeka kwa malaria, basi na kwenye hili ukae hukohuko ulikokuwa. Walinuna, wakanywa chai yangu yote, wakaondoka.

Hukusikia alichoniambia Ochieng' pale langoni. Aliinama kama mtu anayeaga kwa heshima, akasema, "Wacha aende. Atarudi tu. Mtoto wa msichana hurudi mama akigonjeka."

Hakuwa ananitakia ugonjwa. Alikuwa ananionyesha njia atakayopitia, kwa sababu ana uhakika siwezi kuiziba. Naijua njia hiyo. Mimi mwenyewe nilirudishwa nayo.

Nilikuwa na umri wako. Nilikuwa Nairobi, katika kozi ya kutengeneza redio, msichana peke yangu katika darasa la wavulana walionitania kwamba nikishika chuma cha kulehemu nitapika nacho ugali. Sikuwajali. Nilikuwa nimeshatengeneza redio mbili zilizowashinda. Siku moja ikaja telegramu: MAMA MGONJWA NJOO HARAKA. Nilifungasha saa ileile. Njia nzima nilikuwa nikilia na kuomba, na asubuhi nilipofika Dunga nilimkuta nyanya yako ufukweni, ametandaza dagaa wake wa omena juani juu ya nyavu kuukuu, anaimba wimbo wa kanisani. Aliponiona aliinuka akaniambia, "Kwani umefukuzwa shule?"

Mjomba wako Ouma ndiye aliyetuma. Wageni walikuwa wameshafika nyumbani kutoka kwa akina baba yako. Ouma alisema hakudanganya sana, kwa sababu mama alikuwa na mafua. Nilikaa juma moja kwa adabu, juma likazaa mwezi, na nafasi yangu kule ikapewa mtu mwingine. Baba yako sina ugomvi naye. Hakujua lolote kuhusu hiyo telegramu, na nilimwambia mwenyewe tukiwa tumeshaoana. Kesho yake akaenda kwa Mzee Gurdev, yule Singasinga aliyekuwa na duka la redio mjini, akamwomba anipe nafasi mezani kwake. Hivyo ndivyo nilivyorudi kwenye waya, na wewe ukiwa mgongoni.

Lakini nakuambia, Akinyi, miaka hii yote hasira yangu kubwa si kwa Ouma. Ni kwangu. Nilikuwa fundi. Nilikuwa nimefundishwa kwamba hakuna kitu cha kuaminiwa mpaka kipimwe, na karatasi ndogo ya posta ikanisimamisha darasani na kunirudisha ziwani bila kuuliza swali hata moja. Pale posta ya Nairobi kulikuwa na simu. Ningeweza kupiga misheni ya Dunga nikamuuliza katekista, mama anaendeleaje? Sikupiga.

Mzee Gurdev hakuwa mtu wa maneno mengi. Kitu cha kwanza alichonifundisha ni kuweka mkono mmoja mfukoni. Ukiingiza mkono ndani ya kitu chenye umeme mkali, ule mwingine uwe mfukoni, ili umeme ukikupiga usipate njia ya kupita kifuani kutoka mkono hadi mkono. Nikamwambia gauni langu halina mfuko. Akasema basi sina kazi. Nilikwenda nyumbani nikashona mfuko kwenye kila gauni nililokuwa nalo, hata lile la kanisani, na mama mkwe akauliza nimeanza kuweka nini huko. Jumapili iliyopita, Ochieng' alipokuwa anahutubia, mkono wangu wa kushoto ulikuwa mfukoni muda wote. Ungeniona ungedhani ninatafuta leso.

Sasa nikukumbushe kosa langu la pili, ambalo wewe ulikuwepo ukalishuhudia, na bado hucheka ukilikumbuka. Cheka tu. Ila nataka ulisikie kutoka upande wangu.

Unakumbuka zile kompyuta za shule ya upande wa Maseno, walizopewa na wafadhili. Radi ilikuwa imepiga, nazo zikawa zinazima zenyewe. Yule mwalimu wa hesabu akatuletea zote. Nikafungua pawasaplai, kile kisanduku cha bati ndani ya kompyuta kinachopokea umeme wa ukutani na kuukata kuwa volti ndogondogo. Unajua kazi yenyewe: waya mweusi ndio wa kupimia, mwekundu lazima uwe na volti tano, wa njano kumi na mbili. Nikapima mwekundu. Tano nukta sita. Nikapima kisanduku cha pili, tano nukta sita. Vyote vilikuwa juu. Nikasema hapa tatizo limepatikana, volti zimezidi. Ndani mna skrubu ndogo ya kuzishusha. Mkono mmoja mfukoni, mwingine na bisibisi, nikaizungusha kidogokidogo mpaka mita ikasoma tano kamili. Nikafanya hivyo kwenye kila kisanduku, nikajiona bingwa.

Mwalimu akazipeleka shule. Akarudi nazo. Zamani zilikuwa zinawaka halafu zinazima. Sasa zilikuwa hazianzi kabisa. Feni inazunguka, taa ya mbele inawaka, kioo kimekuwa giza. Nikapima tena mbele yake. Tano. Nikamwonyesha. Nikamwambia sehemu yangu ni nzima, kasoro iko kwenye bodi kuu ya kompyuta, wanunue bodi mpya. Akasema wafadhili hawatatoa tena. Nikasema hilo si jambo la fundi. Niliongea naye kwa sauti ile unayoijua.

Na wakati huo kulikuwa na shahidi palepale mezani, nami nilimpuuza. Ule waya wa rangi ya machungwa. Wewe unaujua kuliko mimi, lakini niache nikueleze kama ninavyowaeleza wateja, leo nina sababu. Ukiwasha kompyuta, pawasaplai haiiruhusu bodi ianze mara moja. Kwanza inajiangalia yenyewe kama volti zake ziko sawa. Ikiridhika, inapeleka umeme kwenye waya huo mmoja wa machungwa, yaani inaiambia bodi: niko sawa, anza. Waya huo ukinyamaza, bodi haisogei, hata waya zingine zote zikiwa na umeme. Siku hiyo niliupima waya wa machungwa nikakuta sifuri. Kwenye visanduku vyote. Nikasema, basi na huu nao umeharibiwa na radi. Nilikuwa tayari kuamini kwamba kila kitu kimekufa, mradi mita yangu iwe inasema kweli.

Mwalimu alikuwa mtu mpole. Alikuwa ameshachukua kofia yake. Akageuka mlangoni akaniuliza, "Samahani Mama, hiyo mita yenyewe, nani huipima?"

Akinyi, nilitaka kumrushia bisibisi. Nilikutuma duka la pili ulete betri mpya ya tochi, kwa sababu betri mpya ya tochi kila mtu anajua ni volti moja na nusu na kidogo, na nilitaka nimwaibishe mbele yako. Nikaipima. Mita ikasoma moja nukta nane. Hakuna betri ya tochi ya namna hiyo chini ya jua hili. Ndipo nikakiona, kwenye pembe ya kioo cha mita, kile kialama kidogo cha betri ambacho kilikuwa kimekaa pale majuma mengi, nami nikidhani ni urembo wa watengenezaji. Betri ya ndani ya mita ilikuwa imechoka, na ikichoka mita haisomi chini kama mtu anavyotarajia. Inasoma juu. Visanduku vya watu vilikuwa na volti tano tangu mwanzo, na mimi kwa mkono wangu nimevishusha mpaka nne na nusu, na waya wa machungwa ukafanya kazi yake kwa uaminifu: ukakataa kusema niko sawa wakati kisanduku hakiko sawa.

Nilibadilisha betri ya mita, nikarudisha kila skrubu mahali pake, na tukagundua kwamba kilichokuwa kinazizima tangu mwanzo ni soketi ya ukutani ya shule iliyolegea. Soketi, Akinyi! Ulicheka mpaka ukakaa chini. Mwalimu hakucheka, na kwa hilo nitamheshimu maisha yangu yote.

Wewe uliona mama yako ameumbuka. Mimi usiku huo sikulala, na nilichokuwa nikikifikiria hakikuwa kompyuta. Nilikuwa naiona telegramu ya Ouma. Namba kwenye kioo na maneno kwenye karatasi ni kitu kilekile. Vyote viwili vinatoka kwa mtu au chombo, na chombo kikiwa na njaa kinasema kinachokifaa.

Najua kiburi hiki unacho na wewe, umekirithi kwangu, na sitaki ukiache Kisumu. Watu watakuambia msichana anyenyekee. Mimi nakuambia kuwa mkaidi. Ila ukaidi wako uwe wa kupima tena, usiwe wa kutetea ulichokisoma jana. Tofauti yake niliijua siku ile betri ya tochi iliponiumbua, nikiwa na mvi tayari.

Na jambo lingine la mezani. Mzee Gurdev alikuwa na taa ya mbele ya gari aliyoiunganisha na waya mbili, akiitundika kwenye pawasaplai kila anapopima. Nilimuuliza kwa nini asipime tu. Akasema kisanduku kisicho na mzigo hakisemi ukweli. Kinaweza kusoma tano na kumi na mbili kama kitabu, halafu ukikitundikia taa, volti zinaporomoka mbele ya macho yako. Tangu hapo siwezi kumsikiliza Ochieng' akihutubia matangani bila kuitafuta ile taa. Anaongea vizuri, simnyimi hilo. Lakini baba yako alipolazwa, na tulipokuwa tunahitaji mtu wa kumgeuza kitandani na kukesha naye, Ochieng' alikuwa na shughuli Busia. Alionekana tena baada ya mazishi, akiwa tayari kunirithi. Nilipokataa alisema nimeleta kisirani kwenye boma. Mpaka leo kisirani hicho kinalala vizuri na kinaamka mapema.

Nairobi utakutana na wengi wa namna hiyo, wanaume kwa wanawake. Watundikie taa kwanza.

Sasa nije kwa lililonifanya niandike. Ochieng' atatuma ujumbe. Labda muhula huu, labda ule mwingine, karibu na mitihani, maana hata Ouma alijua wakati. Siku hizi hakuna haja ya telegramu. Atapiga simu ofisini chuoni kwenu, atakuja karani mwenye huruma kukuita darasani, na atakuambia mama yako yuko hospitali na hali ni mbaya. Utataka kufungasha saa ileile. Najua, maana mimi nilifungasha.

Usisogee.

Ndani ya bahasha hii kuna kipande cha waya wa machungwa. Nimekikata leo kwenye kisanduku kimoja chakavu, na katikati nimekifunga fundo. Liangalie vizuri. Ni fundo la kushonea nyavu, lile nyanya yako alilotufundisha ufukweni wewe na mimi, na ambalo Ochieng' halijui kwa sababu hajawahi kushona wavu maishani mwake. Kiweke mahali salama. Nikikuhitaji kweli, nitakutumia kingine kama hicho, chenye fundo kama hilo, kwa basi la usiku, na utakuwa nacho mkononi asubuhi. Na kama siwezi kufunga fundo mwenyewe, Mama Risper wa kibanda cha samaki hapa jirani anao waya na analijua fundo. Nimemwambia kila kitu. Unamjua Mama Risper, hajawahi kumwogopa mwanamume yeyote, hata wale askari wa kanjo wa manispaa. Ukikiona kipande cha pili, ukilinganishe na cha kwanza, kisha uje mbio. Usipokiona, rudi darasani ukae.

Nimelifikiria hili kwa siku nyingi, usidhani ni hasira. Nimejiuliza, je, kama ni kweli? Kama nikianguka ghafla, Mama Risper awe amesafiri, waya uchelewe, nawe ukae Nairobi ukingoja huku mimi naondoka? Inaweza kutokea. Waya wa machungwa nao hukatika wakati mwingine ilhali kila kitu kingine ni kizima. Naogopa hilo. Nimeandika sentensi hii nikalazimika kuinuka na kuzunguka meza.

Na ikitokea hivyo, watakusema. Watasema mtoto gani hakuja kumzika mama yake. Watasema kwa sauti, mbele ya jeneza, na Ochieng' atasimama ahutubie. Ukija baada ya hapo, njoo na uso wako juu. Barua hii ni ruhusa yangu. Waonyeshe wote wanaotaka kuiona. Mimi nilitii ujumbe mmoja nikakosa kozi yangu, na sitakubali wewe uvutwe na kamba ileile ukiwa na shahada nusu. Afadhali nizikwe hujafika kuliko urudishwe nikiwa natandaza omena.

Nasikia sauti za kwaya huku barabarani, nadhani mmeshamaliza. Utaingia sasa hivi na kuniuliza kwa nini nimekaa dukani siku ya Jumapili, nami nitasema nilikuwa natafuta betri. Barua nitaitia kwenye mfuko wa begi, ule ambao zipu yake haifungi vizuri, ndiyo maana kesho nitaisema sana.

Ukifika, ukishanunua mita yako, nunua na betri mpya ya tochi uiweke kando yake. Yangu sikupi, bado naitumia. Bado nina kazi nyingi hapa, na Ochieng' bado yupo, na mtu lazima akae langoni.

Ukipokea habari zangu bila waya, jua ni uongo. Hata wakikuambia nimeshazikwa, angalia waya kwanza.

Mama yako, mzima kabisa, mkono mmoja mfukoni.